Breki kubwa kwenye Mustang GT: ukishafunga na mambo yakakataa

Wiki mbili za kwanza baada ya kufunga breki kubwa kwenye Mustang yangu nilijuta. Pedeli ilikuwa laini kama mkate uliolowa chai, rimu zangu za majira ya baridi hazikuingia tena, na upande wa abiria kulikuwa na mlio wa chuma kila nilipokata kona. Breki zenyewe hazikuwa na kosa lolote. Makosa yalikuwa yangu, na tangu hapo nimeyaona yaleyale kwenye magari ya wenzangu hapa Aurora, Colorado, nikiitwa kuangalia "breki mbovu" ambazo hazina hata mwezi.

Gari ninalolizungumzia ni Ford Mustang GT ya kizazi cha sita, modeli ya 2015 hadi 2023. GT ya kawaida ilitoka kiwandani na diski za mbele za milimita 352 na kalipa (vile vifaa vinavyobana pedi kwenye diski) za pistoni 4. Yenye Performance Pack, kifurushi cha hiari cha kiwandani, ilipewa diski za 380 na kalipa za Brembo za pistoni 6. Wengi tunanunua hizo za pili, mara nyingi zilizotumika, kwa kuwa zinafunga palepale bila kuchonga chuma. Mwenye Camaro au Challenger atakuta vipimo vyake ni vingine, lakini dalili ni hizihizi.

"Hela imekwenda, gari linasimama palepale"

Naanza na lalamiko hili kwa sababu mara nyingi hakuna kilichoharibika. Chukua kalamu. Nguvu ya breki kwenye gurudumu inatokana na presha ya mafuta, eneo la pistoni, ukali wa pedi, na umbali kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi pale pedi inapobana. Kalipa ya zamani ina pistoni za milimita 46, mbili kila upande: eneo la milimita za mraba 3,324. Ile ya Brembo ina pistoni za milimita 36, tatu kila upande: 3,054. Umesoma vizuri. Pistoni 6 zina eneo dogo kuliko pistoni 4, kwa asilimia 8 hivi. Diski kubwa nayo inasogeza pedi mbali na katikati, kwa kadirio langu asilimia 8 au 9. Kimoja kinafuta kingine. Ukikanyaga kwa nguvu ileile na pedi za ukali uleule, gurudumu linapata karibu breki ileile ya jana.

Halafu kuna matairi. Kama breki zako za zamani ziliweza kuamsha ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, kwenye lami kavu, zilikuwa zimeshafika mwisho wa uwezo wa matairi. Huwezi kupunguza mita za kusimama kwa kuongeza chuma nyuma ya tairi lililoshindwa.

Ulichonunua ni uwezo wa kubeba joto. Mustang hii na dereva wake ni kama kilo 1,750. Ikisimama kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zinameza kilojuli 675 hivi. Ikisimama kutoka 200 zinameza mara 4 ya hizo, kilojuli 2,700, na sehemu kubwa inakwenda mbele. Diski ya 380 ni nene zaidi, milimita 34 dhidi ya 32, na ina chuma kingi zaidi cha kulipokea joto hilo kabla pedi hazijaungua. Faida utaiona kwenye kusimama kwa mara ya kumi. Ukikanyaga mara moja tu mbele ya duka usitarajie tofauti.

Ila kama gari linasimama *mbali* kuliko zamani, hapo kuna jambo. Kwanza pedi mpya ambazo hazijazoezwa. Nitalirudia hilo chini. Pili, pedi za mbio kwenye gari la kwenda kazini: zikiwa baridi hazishiki, na asubuhi ya Januari kila kitu ni baridi. Tatu, matairi ya kiangazi, ambayo nyuzijoto zikishuka chini ya 7 hivi mpira wake unakakamaa. Nne, seti za maduka ya vipuri zenye pistoni kubwa kuliko za kiwanda. Hizo zinahamishia kazi mbele mno: matairi ya mbele yanafika mwisho na ABS inaingia mapema, ya nyuma yakiwa hayajafanya kazi yake. Dawa ni kutafuta seti ambayo muuzaji anaweza kukutajia kipenyo cha pistoni. Asipoweza, tafuta mwingine.

Pedeli laini, au inakwenda chini mno

Hesabu ya juu inakusaidia na hapa. Kwa kuwa eneo la pistoni za Brembo ni dogo, zinahitaji mafuta pungufu kuliko za zamani ili zisogee, kwa hiyo pedeli inatakiwa iwe fupi kidogo kuliko zamani. Ikiwa ndefu, kuna hewa ndani au kuna kinachovuja. Usimkubalie anayekwambia "breki kubwa ndivyo zilivyo." Angekuwa na haki kidogo kwa mtu aliyetoka kwenye breki za EcoBoost ya kawaida (Mustang yenye injini ndogo), pistoni 2 za milimita 43, akaweka za GT ya kawaida. Huyo ameongeza eneo kwa asilimia 14, na pedeli itashuka kidogo hata kazi ikifanywa sawasawa.

Sasa kisa changu. Nilikuwa nimelala sakafuni kando ya gurudumu la mbele, mke wangu kwenye kiti cha dereva. "Kanyaga!" Nafungua nipo, kile kiskrubu cha kutolea hewa kwenye kalipa, mafuta yanatoka na mapovu, nafunga. "Achia!" Tukaenda hivyo karibu saa nzima. Chupa ya pili ya mafuta ya breki ilipofika katikati, akatoa kichwa dirishani: "Baba Nuru, hii pedeli mbona kama nakanyaga sifongo? Na mafuta yote haya yanakwenda wapi?" Nikakaa kitako nikaitazama kalipa vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. Neno Brembo lilikuwa miguu juu. Nilikuwa nimefunga kalipa ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, na nipo zilikuwa zimeelekea chini. Hewa hukaa juu, kama kwenye chupa ya maji uliyoilaza, na mimi nilikuwa natoa mafuta kutoka chini yake. Tungeweza kukanyaga hadi Krismasi.

Kwa hiyo kabla ya kununua chupa nyingine ya mafuta, tazama nipo ziko wapi. Lazima ziwe juu kabisa ya kalipa. Kalipa ikiwa na nipo mbili, ya ndani na ya nje, toa hewa kwenye zote. Kwa kawaida unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli), ila kitabu cha gari kikisema vingine fuata kitabu. Usiliache tangi dogo la mafuta likauke katikati ya kazi. Likikauka hewa inaingia hadi kwenye kifaa cha ABS, na hapo utahitaji kompyuta ya kukiamsha ndipo itoke.

Nipo zikiwa sawa na bado pedeli haikuridhishi, mguu wako ni kipimo kizuri. Washa injini, kanyaga na kushikilia. Pedeli ikizama polepole chini ya mguu uliotulia, kuna uvujaji, au masta silinda inapitisha ndani kwa ndani. Kagua kwanza bolti ya mpira wa breki, ule unaoleta mafuta, kwenye kalipa: zile washa mbili za shaba ni za kutumia mara moja, na watu wanazirudisha kwa ubahili. Pedeli ikipanda ukipampu mara mbili tatu halafu ikarudi kuwa laini, hiyo ni hewa. Ikiwa nzuri siku zote ila inazama mara moja tu baada ya kona kali, halafu inakaa sawa, usihangaike na hewa. Diski inatikisika na kuzisukuma pistoni ndani, na hapo mtuhumiwa ni beringi ya habu. Kalipa za kushikamana, zenye pistoni pande zote mbili, hulionyesha hilo kuliko zile zinazoelea, zenye pistoni upande mmoja, ndiyo maana aliyetoka kwenye breki za EcoBoost hakuliona kabla.

Kwenye kalipa zilizotumika, inua mipira ya vumbi uangalie pistoni. Kutu au mikwaruzo pale sili inapopita ni sababu ya kumrudishia muuzaji.

Breki zinapotea ukishuka mlima

Hapa Colorado ndipo watu wengi wanapogundua kama kazi yao ni nzuri. Barabara ya Pikes Peak inafika mita 4,302, na unaposhuka wahudumu wanakusimamisha Glen Cove kupima joto la breki. Zikiwa na moto kupita kiasi unaegeshwa kando hadi zipoe, Mustang yako na rangi yake nyekundu ya kalipa, na familia kwenye gari la mizigo inakupita ikikupungia mkono.

Breki zikipotea, usiseme tu "zimepotea". Mguu ulihisi nini? Kama pedeli ilibaki ngumu na juu lakini gari likaendelea kuteleza, pedi zimepita joto lake. Zinahitaji kupoa, na zikifanya hivyo tena zinahitaji kubadilishwa kwa pedi za daraja la juu. Kama pedeli ililainika na kwenda chini, mafuta yamechemka. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, na mguu wako unabana mvuke. Haya ni magonjwa mawili, na kumnunulia mgonjwa wa pili dawa ya yule wa kwanza ni kutupa pesa.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205, na yaliyolowa chini ya 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Tazama ile namba ya pili, kwa sababu ndiyo inayolihusu gari lako baada ya miaka miwili. Mtu amefunga diski za 380 na kuacha mafuta ya mwaka 2018 ndani. Joto halimwonei huruma. Na DOT 5, isiyo na nukta moja, ni ya silikoni. Usiichanganye na hizo nyingine kwa sababu yoyote, hata kama jina limefanana.

Ukishuka, weka gia ya chini na kuiacha injini ishike gari. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia zipoe, kanyaga tena. Mguu unaopapasa pedeli kilomita kumi mfululizo utaua breki za ukubwa wowote.

Usukani unatetemeka ukipunguza kasi

Kila mtu husema diski imepinda. Kwa uzoefu wangu diski iliyopinda kweli ni adimu. Mara nyingi ni kutu kwenye habu, au pedi imeacha mabaka ya unga wake kwenye diski, hapa mengi, pale machache, na kila baka linaposhikwa usukani unapiga teke.

Tuanze na habu. Majira ya baridi barabara zetu zinamwagiwa kemikali za kuyeyushia barafu, na uso wa habu unaota gamba la kutu. Ukiifunga diski mpya juu ya gamba hilo, inakaa mshazari kwa unene wa unywele. Watengenezaji wengi hawataki diski icheze zaidi ya milimita 0.05. Chukua brashi ya waya na msasa, zunguka kila stadi hadi uone chuma kinachong'aa, pitisha kidole, ukihisi chembe rudia. Ni dakika ishirini kwa upande, na hakuna anayependa kuzitumia kwa sababu kazi yenyewe haionekani ukimaliza. Halafu funga diski kwa nati za gurudumu na uipime kwa saa ya kupimia kama unayo.

Nati zenyewe zinataka mpangilio wa nyota na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kwa Mustang hizi ni nyutonimita 204. Bunduki ya hewa ya duka la matairi inakaza moja kupita kiasi na nyingine nusu, na mwezi mmoja baadaye unalaumu diski.

Mabaka yanatokana na kuzoeza pedi vibaya, au kutozizoeza kabisa. Karatasi ya mtengenezaji wa pedi ndiyo sheria, lakini kwa kawaida ni hivi: barabara tupu, kutoka kilomita 100 kwa saa shuka hadi 20 kwa breki za nguvu bila kuamsha ABS, ongeza kasi, rudia mara nane hadi kumi, *bila kusimama kabisa*. Kisha endesha dakika kumi na tano bila kugusa breki sana. Harufu kali na moshi kidogo si ajabu siku hiyo. Kosa linalofanywa ni mtu kumaliza zoezi, akasimama kwenye taa nyekundu, mguu umebana pedeli, diski zina moto: umbo la pedi linabaki limechapwa kwenye diski kama muhuri. Kama mtetemeko umeanza juzi tu, rudia zoezi na mara nyingi mabaka yanafutika.

Pedeli ngumu kama jiwe

Kinachosaidia mguu wako ni tofauti kati ya presha ya hewa ya nje na uvutaji wa injini. Denver hewa ni kama asilimia 83 ya ile ya pwani. Juu ya Pikes Peak ni kama asilimia 60. Msaada unapungua, na kwa aliyehamia hapa kutoka Houston pedeli itaonekana nzito hata kama kila kitu ni kizima. Ukijumlisha kalipa zenye pistoni ndogo, uzito unaongezeka kidogo. Hilo si tatizo.

Tatizo ni pale uzito unapokuja ghafla. Zima injini, kanyaga mara tano hadi msaada uishe, shikilia, washa. Pedeli ikishuka kidogo chini ya mguu, kifaa cha kusaidia ni kizima. Isiposhuka, tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka au vali ya njia moja iliyokwama. Na kama umeweka kamshafti kubwa (mhimili unaofungua vali za injini) ili injini ingurume gari likiwa limesimama, jua kwamba umepunguza uvutaji kwa mkono wako mwenyewe. Watu hawaziunganishi hizo mbili.

Gari linavuta upande mmoja

Baada ya kufunga breki mpya, sababu ni chache: hewa upande mmoja, grisi au mafuta yaliyogusa pedi, mpira wa breki uliojisokota wakati wa kufunga, au pedi za aina mbili tofauti. Ukiendesha kama dakika kumi halafu ukapima joto la rimu zote mbili, lenye moto zaidi linakwambia kalipa gani haiachii. Mpira wa breki wa zamani unaweza kuvimba ndani, ukapitisha mafuta kwenda na kuyakatalia kurudi. Usiache kalipa ikining'inia kwenye mpira wake ukifanya kazi. Ndivyo mingi inavyokufa.

Kelele, na rimu zinazogusa

Mlio mwembamba wa pedi za mbio mjini hauna dawa. Ndiyo bei yake. Mlio wa pedi za barabarani unatulizwa na bati za nyuma ya pedi na grisi ya breki kidogo kwenye ncha zinazoteleza, mbali na uso wa pedi.

Mlio wangu wa upande wa abiria ulikuwa ngao ya vumbi. Ile bati nyembamba nyuma ya diski ilitengenezwa kwa diski ya 352. Niliikunja kwa mkono ikapisha, na kwenye kona, gurudumu likilemewa, ilirudi kulamba ukingo wa diski mpya. Alama ilionekana wazi: mstari unaong'aa kama wa shilingi mpya, urefu wa kidole. Nunua ngao za Performance Pack, au kata za zamani vizuri.

Kugonga kunakofuata mzunguko wa gurudumu kwa kawaida ni risasi za mizani zilizobandikwa ndani ya rimu, zinazopita zikigusa kalipa. Zisogeze. Acha angalau milimita 3 kati ya kalipa na rimu, na upime sehemu mbili: kwenye pipa la rimu (ule mduara wa ndani), na nyuma ya spoki. Spesa, bati la kusogeza rimu nje, inasaidia kwenye spoki tu. Pipa likigusa, hata spesa ya milimita 20 haibadilishi kitu. Rimu zangu za baridi za inchi 18, zilizoingia bila shida kwenye breki za zamani, ziligusa kwenye pipa. Niliziuza kwa hasara nikanunua za 19. Kama una tairi dogo la akiba kwenye buti, lijaribu leo gari likiwa bado juu ya jeki.